Mbuzi wa Mama Matawi

Kinyozi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha fundi viatu pale muuza nyama wa duka la jirani alipochungulia mlangoni, aproni bado iko kiunoni.

"Ndugu yangu, zima hiyo mashine. Mama yako yuko zahanati."

Kinyozi akazima. "Ameanguka?"

"Hajaanguka. Amepindua ndoo yao ya kudekia, amesimama juu yake, anakata matawi ya uzio. Mlinzi anamwomba ashuke, naye anamwambia amshikie mzigo."

Kinyozi na mteja wake wakatazamana kwenye kioo. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa unang'aa kama yai, upande wa kushoto nywele zimesimama vilevile zilivyoingia. Fundi viatu akapunga mkono chini ya shuka. "Nenda, nenda. Mimi nitakaa hapa hapa. Nikitoka hivi watoto watanisindikiza mpaka nyumbani."

Alimkuta mama yake bado yuko juu ya ndoo. Alikuwa bibi mwembamba, khanga ameikaza kiunoni, mundu mkononi, vijani vimemnasa kwenye kilemba. Mlinzi, mtu mzima mwenye sharubu, alikuwa amekumbatia furushi la matawi kifuani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambaye hajui ni wa nani.

"Mama, shuka tafadhali."

Bibi akageuka, uso ukamchanua. "Kaka! Umekuja wakati mzuri. Shika huku. Mbuzi hawajatia kitu mdomoni."

Kaka yake mama alifariki kabla kinyozi hajaota ndevu. Na hao mbuzi, banda lao lilikuwa tupu miaka mingi, halina hata harufu. Kinyozi hakubisha. Alimwomba mlinzi radhi, akajitwika furushi, akamshika mama mkono wakarudi nyumbani polepole. Njia nzima alisimuliwa habari za mbuzi: huyu hapendi majani yenye umande, yule ana choyo, anamsukuma mwenzake kwenye hori kwa pembe. Kinyozi akawa anaitikia tu, "Ndiyo, Mama," huku majani yakimchoma shingoni.

Zamani, kabla ya haya, bibi huyu alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Matawi. Mumewe, aliyekuwa mwashi, alimwacha mjane angali kijana, na watoto wadogo, na mbuzi jike mmoja, na kiwanja ambacho ukisimama katikati ukapiga chafya, majirani wa pande zote wanakujibu. Pa kulishia hapakuwapo. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa za wenye ng'ombe, na wenye ng'ombe hawakuwa watu wa kupisha. Bwana mifugo wa wakati ule, mzee mmoja mpole aliyezunguka kwa baiskeli, alimhurumia. Akamletea mbegu za lusina, mti wa malisho, kwenye mfuko wa shati na vipande vya mforosadi vilivyofungwa kwa gazeti lililoloweshwa. Akamwambia, "Mama, kama huna mahali pa kulaza nyasi, simamisha miti. Panda kuzunguka kiwanja chote. Itakuwa uzio wako, na uzio huo utamlisha mbuzi."

Akapanda. Miti ilipofika kifuani alianza kuikata kwa zamu, kipande hiki leo, kile keshokutwa, ili uzio usibaki uchi. Nyuma ya nyumba akaotesha mfenesi, si kwa ajili ya mafenesi hasa, bali kwa majani. Kiangazi kilipokausha kila kitu na ng'ombe wa watu wakaanza kuonyesha mifupa ya nyonga, mbuzi wake walikuwa wanacheua kivulini, kiwele kimejaa. Majani ya kwake yasipotosha, alizunguka akiomba kupunguza nyua za wengine, anarudi na kichaka kizima kichwani, miguu tu ndiyo inaonekana chini. Ndipo watoto wa shule wakamwita Mama Matawi, naye hakukasirika. Alisema ni afadhali kuliko majina mengine anayoyajua ya mtaa ule.

Kwa maziwa ya mbuzi hao watoto walikua. Mbuzi wa mwisho, kitukuu wa yule aliyeachwa na marehemu, aliitwa Bi Mdogo. "Huyu ni mke mwenzangu," Mama Matawi alikuwa akiwaambia wageni bila kucheka. "Marehemu alituachia nyumba sote wawili, ila yeye hafui wala hapiki." Mgongo ulipomshinda, na watoto wakawa wametawanyika kwa kazi zao, Bi Mdogo akauzwa. Kinyozi ndiye aliyebaki karibu. Alioa, akajenga chumba na sebule ubavuni mwa nyumba ya mama, akafungua saluni yake barabarani.

Kisha usahaulifu ukaja. Mwanzoni uliiba vitu vidogo: miwani, funguo, chumvi iliyotiwa mara mbili. Halafu ukaiba majina. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba ya juzi ndiyo huondoka kwanza, na ya zamani hung'ang'ania. Hawakuelewa vizuri maana yake mpaka asubuhi moja walipomkuta mama amesimama mbele ya banda tupu na mzigo wa majani, akiita mbuzi mmojammoja kwa majina.

Ikawa kazi ya kila siku. Anaamka, anachukua mundu, anakata. Uzio wake mwenyewe ukabaki vijiti, ndipo akaanza kuhamia nyua za watu. Matawi anayafunga vizuri, anayaning'iniza juu ya hori, kisha anaingia ndani kupumzika. Na kila anapoamka usingizi wa mchana, anakwenda kuchungulia, anakuta hori ni jeupe na majani hayapo. "Wamekula," anasema, anapangusa mikono.

Kinyozi alidhani labda upepo, labda mbuzi wa watu. Siku moja alirudi mchana kuchukua wembe aliousahau, akamwona mkewe akitoka bandani kwa kunyata, amebeba matawi yote mgongoni, anayapeleka kwenye migomba. Mkewe alikuwa mshonaji wa masweta ya shule. Mashine yake ya kufumia ilijaza nusu ya sebule, na kwa kawaida hakuiacha hata mvua ikimnyeshea nguo kambani.

"Kumbe ni wewe?"

"Shh." Akaweka kidole mdomoni. "Akiyakuta yamenyauka pale pale analia. Juzi alilia mpaka nikashindwa kufuma. Kwa hiyo namlia majani yake."

"Tangu lini?"

"Sijui. Tangu nilipoona hiyo ndiyo dawa." Akajitwisha sawasawa. "Usisimame hapo kama nguzo, nishikie mlango wa bustani."

Baada ya tukio la zahanati, kinyozi aliamua kuwa mwanamume. Aliuficha mundu juu ya dari, akaweka kufuli kwenye geti. Alijiambia kwamba anamlinda mama na magari, na mbwa, na midomo ya watu. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini Mama Matawi alikaa chini karibu na geti, akaanza kung'oa majani ya maua ya mkwewe kwa vidole, moja moja, anayapanga kwenye pindo la khanga. Chakula kilipoletwa akakisukuma kando.

"Kula, Mama," mkwe alimbembeleza.

"Nile vipi, na wenyewe wana njaa? Hamwasikii?" Akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha uso ukamkunjamana kwa hofu. "Hawalii. Mbuzi asiyelia ana jambo. Mbona hawalii?"

Jioni ile hakula. Kesho yake pia alikunywa chai tu, tena kwa kulazimishwa. Mkewe kinyozi akamvuta mume wake kando ya mashine ya kufumia.

"Mtafutie mbuzi."

"Nani?"

"Mama. Mtafutie mbuzi."

"Mke wangu, mtu hakumbuki kama amekula, leo nimpe mnyama wa kumkumbuka?"

"Mama hajawahi kuwasahau mbuzi hata siku moja," mkewe alisema. "Anaowasahau ni sisi."

Hilo lilimwingia kinyozi, na liliuma, kwa sababu siku ile asubuhi mama alikuwa amemuuliza kwa adabu kubwa kama yeye ni mpangaji mpya.

Ubavuni mwa bucha, chini ya paa la mabati, alikuwa amefungwa mbuzi jike mweupe mwenye madoa ya kahawia. Mbavu zilionekana kama chanuo. Kinyozi alimtazama kutwa nzima kupitia dirisha la saluni. Wateja walipopungua akavuka.

"Yule unamchinja lini?"

"Akipata nyama," muuza nyama akajibu. "Nikimchinja sasa nitauza kamba na kelele."

"Nipe mimi."

"Wewe? Unataka kumnyoa?"

Kinyozi akamweleza. Hakueleza kwa kirefu, lakini muuza nyama naye aliwahi kumlea mama mgonjwa, akaelewa kabla maneno hayajaisha. Wakakubaliana kwamba yeye na wanawe watanyolewa bure.

"Mpaka lini?" akauliza muuza nyama, maana biashara ni biashara.

"Mpaka nywele zikome kuota zenyewe."

Wakapeana mikono, mbuzi akafunguliwa.

Alipofika naye nyumbani, mama alikuwa amekaa kibarazani anatazama geti. Mkewe akatoka na uzi bado umemzunguka shingoni. Kinyozi alikuwa ameshaandaa uongo wake njiani: atasema Bi Mdogo amerudi. Mama atafurahi, mambo yatakwisha.

"Mama, tazama nani amekuja. Bi Mdogo."

Mama Matawi akainuka, akamsogelea mbuzi. Akamshika sikio, akalikunjua. Akampapasa taya, akamfungua mdomo na kutazama meno, kisha akapitisha kiganja mgongoni hadi mkiani. Alikawia.

"Huyu si Bi Mdogo," mama alisema hatimaye.

"Mama..."

"Bi Mdogo tulimuuza, mwanangu. Si wewe uliyemshika kamba? Mbona unasahausahau vitu, na wewe bado kijana?"

Mwanangu. Kinyozi alikuwa hajalisikia neno hilo kwa miezi. Ilibidi ageukie ukuta kidogo. Alipogeuka tena aliuliza, kwa sababu hakuweza kujizuia, "Sasa majani yote yale ulikuwa unamkatia nani?"

Mama akamwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeuliza maji yanafanya nini mtungini.

"Huyu hapa," alisema, akimpiga mbuzi kofi dogo la ubavuni. "Humwoni alivyokonda? Jamani, mpeni mgeni chakula."

Basi jina likawa hilo. Mbuzi akaitwa Mgeni.

Mundu ukashushwa darini. Cha ajabu, geti halikuhitaji kufuli tena. Mama Matawi hakuwa na haja ya kwenda mbali, maana aliyekuwa akimtafuta alikuwa nyumbani, na alilia kweli, tena kwa sauti ya kukera, kila alipoona khanga inapita. Asubuhi mkwe na mama mkwe walitoka pamoja kuzunguka uzio. Mama alikata, mkwe alibeba. Ule uzio uliobaki vijiti ukaanza kupumua, kwa kuwa sasa mdomo ulikuwa mmoja tu, na mkwe alimwelekeza mama kwa ujanja kwenye matawi yaliyokomaa. Matawi mabichi waliyalaza kivulini hadi yalegee kidogo. Kisha waliyafunga kwa kamba ya mgomba na kuyaning'iniza juu.

"Kwa nini usimwekee chini tu, Mama?" mkwe aliuliza siku za mwanzo. "Si ana shingo?"

"Mbuzi si ng'ombe. Ng'ombe anainamia chakula. Mbuzi anataka kukitazama kwa juu, akivute mwenyewe. Ukimwekea chini anakikanyaga, anakikojolea, halafu anakuangalia wewe kwa dharau."

Mkwe alicheka mpaka akaketi juu ya mzigo. Tangu aolewe hakuwahi kuongea na mama mkwe wake maneno mengi hivyo. Walikuwa wanaheshimiana kwa mbali, kama majirani wa ghorofa. Sasa walikuwa na la kuzungumza, na ingawa bibi alimwita kila siku kwa jina jingine, mara dada, mara wifi, mara binti wa shangazi, yeye aliitikia yote. "Leo mimi ni nani?" alikuwa akimuuliza mumewe jioni akichekelea. "Leo nimekuwa wifi. Nimepanda cheo."

Mgeni alinenepa. Manyoya yakalala, macho yakachangamka. Muuza nyama alikuja Jumapili moja kumtembelea, akamzunguka, akatikisa kichwa. "Nimedhulumiwa," akasema, lakini alikuwa amemletea chumvi ya kulamba.

Mvua zilipoanza, kifua kilimbana Mama Matawi. Alilazwa, akatolewa, akabaki kitandani muda mrefu, hana nguvu hata ya kukaa. Mkwe akawa naye usiku na mchana, akimgeuza, akimpa uji kwa kijiko. Kazi ya kumlisha Mgeni ikamwangukia kinyozi.

Alifanya kwa moyo, hilo lisemwe. Lakini alikuwa na haraka ya kufungua saluni, na lusina ilikuwa karibu kabisa na banda, laini, inavunjika kwa mkono bila hata mundu. Mgeni naye aliipenda kama watoto wanavyopenda peremende. Kwa hiyo kinyozi alivunja lusina asubuhi, lusina jioni, siku nenda siku rudi, akijipongeza kwamba kumbe kazi yenyewe ni nyepesi.

Kisha nywele zikaanza kudondoka.

Kwanza mkiani, halafu kiunoni. Akimpapasa, mkono unatoka na kishungi. Baada ya muda Mgeni alikuwa na upara mpana mgongoni, ngozi ya waridi inaonekana, anatembea kwa unyonge. Kinyozi alimpaka mafuta, akamwogesha kwa dawa ya kupe. Habari zikavuja, na saluni ikawa haikaliki.

"Fundi, tumesikia siku hizi unanyoa hata nyumbani."

"Kazi safi, lakini mstari wa shingoni umekosea."

"Mimi leo sinyoi," fundi viatu alisema akijishika kichwa. "Tusubiri kwanza tujue mbuzi ana nini. Isije ikawa mashine."

Kinyozi alicheka nao, lakini moyoni alikuwa hana raha. Alimwona mama amelala, amekuwa mdogo kitandani kama nguo iliyokunjwa, na akawaza kwamba siku atakayoinuka atakuta mbuzi hayupo, na yeye ndiye atakayekuwa ametia mkono wake.

Siku aliyoinuka haikujitangaza. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Mkwe alikuwa amekwenda kuanika mashuka, na aliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Alipiga kelele. Kinyozi, aliyekuwa anafunga viatu, akakimbilia nje bila kimoja. Wakamkuta bandani, ameegemea nguzo, anahema, mkono mmoja uko juu ya upara wa Mgeni.

"Nani amemnyoa mtoto wa watu?"

Kinyozi na mkewe wakatazamana.

"Nauliza nani amemnyoa!"

"Hakunyolewa, Mama," kinyozi alisema. "Zinadondoka zenyewe. Sijui ni ugonjwa gani."

Mama Matawi akainama, akachota mabaki kwenye hori, akayaleta puani. Kisha akamgeukia mwanawe, na macho yake yalikuwa yamewaka kama ya zamani, yale yaliyokuwa yakimfanya arudi kunawa mikono mara ya pili.

"Lusina! Lusina tupu! Kifaranga, una akili wewe?"

Kifaranga lilikuwa jina lake la utotoni, kwa kuwa alimfuata mama nyuma kila aendako. Halikuwa limetamkwa na mtu yeyote tangu aanze kuvaa suruali ndefu.

"Bwana mifugo aliniambia nini? Hapo hapo uliposimama, na baiskeli yake. Aliniambia, Mama, hii ni tamu na ina nguvu, lakini changanya. Kidogo hii, na nyingine nyingi. Ukimjaza hii peke yake atanyonyoka kama kuku wa kuchemshwa. Wewe umempa peke yake kwa sababu ni mvivu wa kutembea mpaka kwenye mfenesi. Sema si kweli."

"Ni kweli, Mama."

"Ni kweli, Mama," alimwiga. "Na unacheka nini?"

Kinyozi hakuwa anacheka, au labda alikuwa anacheka, lakini machozi nayo yalikuwa yanashuka, na hakujua la kufanya na uso wake. Amekemewa kwa jina lake. Angeweza kukemewa hivyo hadi jioni.

"Nifundishe," akasema.

"Nitakufundisha. Nenda kavae kiatu kwanza."

Saluni haikufunguliwa asubuhi ile. Walizunguka uzio wote, mama ameushika mkono wake, wanasimama kila hatua chache apumue. Mforosadi: kata bila wasiwasi, unachipua haraka, na huo ndio ubwabwa wa mbuzi. Mfenesi: majani mapevu, si machanga. Lusina: kishada kimoja ndani ya mzigo, basi. Walipofika kwenye mpaka wa jirani, tawi la mparachichi lilikuwa limeingia upande wao, limejaa majani manene. Kinyozi akalishika. Mama akampiga kibao cha mkono.

"Hilo linaua. Tunda kula wewe, jani liache mtini."

Kabla hawajamaliza mzunguko ule mwanga ulikuwa umeshapungua machoni mwa mama. Karibu na geti alimshukuru kwa kumshika mkono, akamuuliza kwao ni wapi. Kinyozi akasema, "Hapa hapa, Mama," akamwingiza ndani.

Nywele za Mgeni ziliota tena, nyeupe kuliko za kwanza. Beberu wa kuazima akaletwa, akakaa siku kadhaa na kunuka mtaa mzima, akarudishwa. Msimu uliofuata Mgeni alizaa pacha, mchana, huku mashine ya kufumia ikilia pamoja na redio ya jirani. Mkwe ndiye aliyewapangusa, akiwa na sweta la shule begani, halijatiwa mikono. Maziwa ya kwanza yaliyoweza kukamuliwa baada ya watoto kunyonya yalichemshwa, yakatiwa kwenye kikombe cha bati, akapewa Mama Matawi. Alikunywa yote, akafumba macho. "Haya yametoka kwenye mforosadi," alisema.

Baada ya hapo akili yake ilizidi kwenda. Haikuwa na haraka, lakini haikurudi tena kama siku ile. Mundu aliuacha mwenyewe. Siku moja aliushika akaugeuzageuza, hakujua unaliwa au unavaliwa. Kufunga mzigo kukamtoka, kisha majina ya miti yote. Kilichobaki ni kimoja. Kila alasiri walimtoa na kiti chake, wakamkalisha mbele ya banda, wakampa tawi mkononi. Alilinyoosha kidogo, juu ya kichwa cha mbuzi, si chini, na Mgeni akawa analivuta jani kwa jani, wanawe wakisukumana miguuni pa bibi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa kila kitu, kikombe, kijiko, shanga za shingoni. Kwa tawi haukutetemeka.

Alasiri moja kinyozi alikuwa amekaa naye chini, mgongo umeegemea kiti cha mama.

"Wewe ni mtoto wa nani?" mama akamuuliza.

"Wa kwako."

Akalifikiria hilo, tawi likiwa limening'inia mkononi.

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Ah," alisema, na akaweka mkono wake ulio huru juu ya kichwa cha mwanawe, akauacha hapo. "Nashukuru. Nilikuwa namtaka mmoja."

Alifariki kiangazi kilichofuata, kitandani mwake, mkwe amemshika. Watoto wengine walikuja kutoka walikotawanyikia, wakamzika, wakakaa siku chache. Mmoja wao, dada mkubwa, aliuliza kwa nia njema kama sasa mbuzi si wangeuzwa, kinyozi na mkewe wapumzike. Mke wa kinyozi ndiye aliyejibu, kabla mumewe hajafungua mdomo. "Nani aliyekwambia tumechoka?"

Sasa wapo mbuzi wanne bandani, na maziwa mengine yanakwenda kwa muuza nyama, ambaye mjukuu wake hapatani na ya ng'ombe. Mvua za mwaka jana kinyozi alipanda safu mpya ya mforosadi upande ambao uzio ulikuwa umezeeka. Anaikata kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Mkewe anamlalamikia kwamba anaikata imenyooka mno, imelingana juu, na pembeni ameichonga.

"Huo ni uzio," anamwambia kutoka dirishani. "Hauendi harusini."

"Niache," anajibu, anarudi nyuma hatua moja kuutazama vizuri. "Upande huu bado."